Ukuta wako unakula mwanga kiasi gani?

Ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili nilipewa stoo ya zamani, haina hata dirisha, niigeuze chumba cha kuoteshea miche. Nikaweka rafu, taa za LED, kisafisha hewa cha kubahatisha na trei za nyanya. Swali langu la utafiti lilikuwa dogo tu: je, miche inayopata mboji hukua vizuri kuliko isiyopata?

Kufika wiki ya nne nilikuwa sishikiki. Miche yenye mboji ilikuwa mifupi, minene, imesimama wima. Isiyo na mboji ilikuwa mirefu, myembamba, imelala upande mmoja kama inasikiliza kitu. Nikachora grafu, nikampelekea msimamizi wangu. Hakuiangalia grafu. Aliangalia picha ya chumba, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Hizi trei zisizo na mboji uliziweka wapi?"

Pembeni. Zote. Karibu na ukuta, kwa sababu nilitaka za mboji ziwe katikati nizimwagilie kirahisi.

Na ukuta wenyewe ulikuwa ule mnaoufahamu kwenye majengo mengi ya shule na ofisi: juu krimu, chini kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua rangi ya mafuta ya kijani iliyokolea, ili uchafu usionekane. Trei zangu zilikuwa chini ya mstari. Nilidhani napima mboji, kumbe kwa sehemu kubwa nilikuwa napima rangi ya ukuta.

Kwa hiyo kama unaotesha kitu ndani, iwe ni miche ya utafiti, mboga za kuuza au migomba ya chupa kwenye maabara, makala hii ni yako. Swali ni moja: ukutani uweke nini ili mwanga ulioulipia ufike kwenye majani?

Mwanga ukitoka kwenye taa unaenda wapi?

Taa haijui mmea uko wapi. Inamwaga mwanga kwenye eneo pana, na sehemu tu ya huo mwanga inaangukia majani moja kwa moja. Unaobaki unagonga ukuta, sakafu, miguu ya rafu, na wewe mwenyewe ukiwa umesimama pale. Kila unapogonga, mambo mawili yanawezekana: unaakisiwa, yaani unarudishwa, au unamezwa na kugeuka joto. Ukuta mweusi unameza karibu wote. Ukuta mweupe unameza kidogo na kurudisha uliobaki, ambao unapata nafasi ya pili ya kukutana na jani. Ukilikosa jani, unagonga ukuta wa upande wa pili na kupata nafasi ya tatu.

Pembeni tatizo ni kubwa zaidi. Trei iliyo katikati inapata mwanga wa taa za kushoto na za kulia. Trei iliyo mwisho wa rafu inapata za upande mmoja tu, upande wa pili kuna ukuta. Ukuta ukiwa mweupe, ni kama umeweka taa nyingine hafifu upande ule. Ukiwa wa giza, mche unapata mwanga wa upande mmoja, na unafanya kile mimea hufanya siku zote: unarefuka na kuinamia mwanga ulipo. Ndiyo ile miche yangu iliyolala.

Ubaya ni kwamba jicho halikuonyi. Jicho la binadamu limeumbwa lifanye kazi juani na gizani, kwa hiyo linajirekebisha haraka sana. Kona yenye nusu ya mwanga wa katikati utaiona "ina giza kidogo tu". Mmea haurekebishi hivyo. Mmea unahesabu.

Hesabu ya mwanga 100

Tuhesabu na sisi. Hizi ni namba za mfano nilizochagua ili tuone mwenendo, si vipimo vya chumba chochote. Sema taa inatoa mwanga 100. Majani yanapata 60 moja kwa moja, na 40 unaenda ukutani. Sehemu ya huo 40 inarudishwa. Katika unaorudishwa, tuseme nusu inakutana na majani na nusu inagonga ukuta tena, na mchezo unaendelea hivyo hivyo hadi mwanga uishe. Ukijumlisha vyote, majani yanapata:

– ukuta unaomeza kila kitu: 60
– ukuta unaorudisha asilimia 20, mfano rangi iliyokolea: 64
– unaorudisha asilimia 50: 73
– unaorudisha asilimia 80: 87
– unaorudisha asilimia 90: 93
– unaorudisha asilimia 95: 96

Rudi kaziangalie tena hizo namba, maana makala yote iko hapo. Kutoka rangi iliyokolea hadi weupe wa kawaida (80), umetoka 64 hadi 87. Ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja, na taa ni zilezile. Kutoka hapo hadi kifaa bora kabisa cha dukani (95), umeongeza 9 tu. Hatua ya kwanza ndiyo kubwa, na ndiyo ya bei rahisi. Hatua ya mwisho ni ndogo, na ndiyo inayouzwa ghali.

Tuiweke kwenye LUKU ili iume vizuri. Taa zenye jumla ya wati 400, zikiwaka saa 16 kwa siku, zinakula yuniti 6.4 kwa siku, yaani 192 kwa mwezi. Ukitaka kufidia ule ukuta wa kijani kwa kuongeza taa badala ya kupaka rangi, kwa mfano wetu utahitaji karibu yuniti 70 zaidi kila mwezi. Rangi unanunua mara moja. Yuniti utanunua mpaka uchoke.

Kinachong'aa si lazima kiwe kinarudisha zaidi

Hapa ndipo wengi tunapopotea, na mimi nilipotea. Baada ya lile swali la msimamizi nilikimbilia dukani kununua foili ya jikoni. Inang'aa, si ndiyo? Lakini kung'aa na kurudisha mwanga ni vitu viwili tofauti.

Kitu kinachong'aa kama kioo kinarudisha mwanga upande mmoja uliopangwa: ukiingia kwa pembe fulani, unatoka kwa pembe ileile. Ndiyo maana unajiona usoni. Kitu cheupe kisichong'aa kinarudisha mwanga pande zote. Huwezi kujiona humo, ila mwanga umerudi. Mwanahisabati Johann Heinrich Lambert aliieleza tabia hiyo mwaka 1760 katika kitabu chake Photometria: uso wa namna hiyo ukiukamilisha kinadharia, unaonekana na mng'ao uleule ukiutazama kutoka upande wowote.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa watu ambao kazi yao ni kupima mwanga. Wanapotaka kujua taa moja inatoa mwanga kiasi gani kwa jumla, wanaiweka ndani ya tufe tupu linaloitwa kwa jina la mhandisi Mjerumani, Richard Ulbricht. Kazi ya tufe hilo ni kuuzungusha mwanga mara nyingi bila kuupoteza, mpaka uenee sawasawa kila mahali. Unadhani ndani wamebandika vioo? Hapana. Wamepaka nyeupe isiyong'aa.

Weupe wenyewe unatoka wapi? Angalia sukari. Punje moja ya sukari ni kama kioo, mwanga unapita. Lundo la punje ni jeupe. Chumvi vivyo hivyo, na povu la sabuni, ambalo ni maji na hewa tu. Kila mwanga unapovuka mpaka kati ya vitu viwili vinavyoupinda tofauti, mfano hewa na sukari, sehemu yake inarudi nyuma. Mipaka ikiwa maelfu, mwanga unahangaika humo ndani na mwishowe unatoka ulikoingilia, rangi zote pamoja. Rangi nyeupe ya ukutani inafanya kazi hiyohiyo kwa unga wa titani dioksidi, ambayo huupinda mwanga kwa nguvu kuliko gundi inayoushika.

Ukishaelewa hilo, mambo mawili ya vitendo yanajieleza yenyewe. Kwanza, mkono mmoja wa rangi juu ya kijani haitoshi: mwanga unapenya tabaka jembamba, unakutana na kijani chini, unamezwa. Pili, unyevu ni adui. Si unajua shati jeupe likilowa linaonyesha mwili? Maji yamejaza nafasi za hewa kati ya nyuzi, mipaka imedhoofika, mwanga unapita badala ya kurudi. Ukuta wa chokaa ukilowa unakuwa wa kijivu kwa sababu hiyohiyo. Na chumba cha miche, kwa jinsi tunavyomwagilia, hakikosi unyevu.

Sasa, uweke nini?

*Chokaa.* Usiidharau. Ikiwa mpya na kavu, inarudisha sehemu kubwa ya mwanga, ni rahisi kuliko vyote, na ukali wake wa kialkali unaizuia kuvu kuota haraka. Kasoro: inaacha unga ukiigusa, na kwenye ukuta wa rangi ya mafuta haishiki. Vaa glavu na ulinde macho unapoichanganya, chokaa inaunguza.

*Rangi ya maji nyeupe isiyong'aa.* Hii ndiyo chaguo langu kwa chumba cha kudumu. Nyeupe nzuri hurudisha kati ya asilimia 80 na 90. Hakikisha ni nyeupe kweli, siyo krimu wala "nyeupe ya maziwa", maana umanjano ule ni mwanga wa bluu uliomezwa, na mmea unauhitaji wa bluu. Kama chini kuna rangi ya mafuta, piga msasa na praima kwanza, la sivyo itabanduka kama ngozi ya kuungua na jua. Mikono miwili, mitatu ni bora.

*Rangi ya mafuta nyeupe.* Inang'aa kidogo na inafutika kwa kitambaa, hilo ni jambo zuri mahali penye matope na mwani. Lakini nyingi hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda, hasa mahali pasipopata jua.

*Plastiki nyeusi-nyeupe ya mashambani.* Upande mmoja mweupe, upande mwingine mweusi. Nyeupe iangalie mimea. Hii ni mkombozi wa mpangaji: hupaki nyumba ya mtu, unatundika tu, ukihama unaikunja. Inafutika na haili maji.

*Plastiki iliyopakwa alumini, wengine wanaiita Mylar.* Ikiwa nzito, laini na imenyooshwa vizuri, inarudisha takriban asilimia 90 au zaidi kidogo. Na ina faida ya haki kabisa: mwanga uliokuwa ukielekea chini unaendelea kwenda chini, wakati nyeupe inarudisha sehemu yake juu. Kwenye kabati jembamba na refu hilo lina maana. Jihadhari tu na blanketi jembamba la dharura linalofanana nayo. Lishike mbele ya taa: ukiiona taa kwa nyuma, basi mwanga unaouona ni mwanga ambao haukurudi.

*Foili ya jikoni.* Alumini yenyewe si mbaya, na upande unaong'aa na usiong'aa havitofautiani sana kwa jumla ya mwanga unaorudi. Shida ni matumizi. Inakunjamana, mwanga unagongagonga ndani ya mikunjo na kila mgongo unapoteza kidogo. Inachanika. Nyuma yake unyevu unajificha. Yangu niliibandua baada ya mwezi, nikakuta ramani nzima ya kuvu. Na kubwa zaidi: foili inapitisha umeme. Chumba chenye maji, nyaya na karatasi ya chuma inayoning'inia karibu na soketi si mahali pa kujaribu bahati. Ile hadithi kwamba foili "inachoma majani", hata hivyo, msiiogope sana. Karatasi bapa haiwezi kurudisha mwanga mwingi kuliko ulioipiga.

*Kioo.* Mwanga unapita kwenye kioo mara mbili, kuingia na kutoka, na kioo cha kawaida kina ukijani kidogo unaoonekana ukikitazama pembeni. Ni kizito, ghali, kinavunjika. Kiache bafuni.

*Yale mapovu magumu meupe yanayokuja kwenye boksi la televisheni.* Yanarudisha mwanga vizuri sana, na yanashika moto vizuri sana. Karibu na taa zenye joto, usiweke.

Kabla hujafungua kopo la rangi

Swali la *wapi* lina uzito kuliko swali la *nini*. Ukuta ulio mita mbili kutoka kwenye rafu, hata ukiwa mweupe kama theluji ya Kibo, unarudisha mwanga unaotawanyika njiani. Plastiki nyeupe iliyotundikwa sentimita chache kutoka kwenye trei inarudisha mwanga palepale unapohitajika. Kwa hiyo usikimbilie kupaka chumba kizima. Zungushia rafu. Anza usawa wa majani kushuka chini, weka kitu cheupe chini ya trei pia. Dari, kama taa zako zina kofia, iache mwisho. Acha nafasi juu na chini hewa ipite, maana ukifunga kila upande utakuwa umetengeneza tanuri.

Halafu pima. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga karibu na kamera ya mbele, na kuna programu za bure zinazosoma luksi. Kwa haki, luksi ni kipimo cha jicho, siyo cha mmea: inaupa uzito mwanga wa kijani, wakati usanisinuru unatumia kuanzia nanomita 400 hadi 700 kwa ujumla. Lakini ukilinganisha taa ileile kabla na baada, inakutosha kabisa. Fanya hivi:

1. Washa taa, subiri dakika 15 zitulie.
2. Laza simu usawa wa majani, uso juu. Soma katikati, kisha kona zote nne. Wewe simama mbali, shati lako nalo linaakisi.
3. Tundika kitu cheupe pembeni, hata shuka. Rudia kusoma pointi zilezile.
4. Gawa namba ya kona kwa namba ya katikati. Kadiri jibu linavyokaribia 1, ndivyo chumba chako kilivyo sawa.

Unataka kulinganisha vifaa viwili dukani? Chukua karatasi mpya ya A4 kama kipimo chako. Iweke ukutani chini ya taa, elekeza kihisi kwenye karatasi kwa umbali wa kiganja bila kuitia kivuli, soma. Badilisha kwa kile unachotaka kununua, soma tena. Kwa vitu visivyong'aa mbinu hii ni nzuri. Kwa vinavyong'aa inadanganya, kwa sababu ukisogeza simu kidogo tu, namba inaruka.

Na futa vumbi. Weupe wa mwaka jana si weupe wa leo. Kitambaa chenye maji mara moja kwa mwezi kinarudisha mwanga ambao huwezi kuununua kwa senti.

Niliishia wapi?

Nilirudia jaribio. Safari hii nilizungushia rafu plastiki nyeusi-nyeupe, nikapima kona, na bado sikuziamini: nikapanga trei kwa bahati nasibu na kuzihamisha nafasi kila baada ya siku tatu. Miche ya pembeni iliacha kulala. Mboji bado ilishinda, ila kwa tofauti ndogo mno kuliko ile grafu yangu ya mwanzo iliyonifanya nisishikike. Ingekuwa imechapishwa, kuna mkulima angenunua mboji kwa sababu ya rangi ya ukuta wa stoo.

Kwa anayeotesha kwa ajili ya soko, ukuta ni bili ya umeme. Kwa anayetafiti, ukuta ni sehemu ya jaribio, utake usitake. Basi kabla hujaomba pesa ya taa nyingine, ingia chumbani kwako, chuchumaa mpaka macho yako yawe usawa wa miche, uangalie pande zote nne. Unachokiona kutoka pale ndicho mmea unachokiona kila siku.